Majirani Walikuwa Wapi? Kusoma Riwaya za Watoto Walioteswa na Kutelekezwa

Mtoto wa miaka mitano amelala ndani ya kabati la nguo. Ni usiku na kuna mwanamume amekuja. Mtoto hatakiwi kuonekana, ndiyo maana amewekwa humo, na kwa kuwa usingizi haujamchukua, anahesabu. Kitanda kinalia, anahesabu. Kinalia tena, anahesabu tena, mpaka kinyamaze. Hajui anahesabu nini. Msomaji anajua tangu mlio wa kwanza.

Tukio hilo limo katika Room, riwaya ya Emma Donoghue, mzaliwa wa Ireland anayeishi Kanada, iliyotoka 2010 na kufika orodha fupi ya Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, mwaka huohuo. Mama yake Jack alitekwa akiwa msichana, akafungiwa katika chumba kimoja. Jack amezaliwa humohumo na anaamini chumba hicho ndio dunia nzima: Kitanda ni jina la mwenzake, Zulia vilevile, na watu wa kwenye televisheni ni wa kubuni. Ukiisoma sehemu ile ya kabati mara ya pili utagundua kwamba haina hata neno moja la kutisha. Hakuna kipigo wala kilio. Kuna mtoto anayejua kuhesabu, basi.

Nimeanza na Jack kwa sababu wengi hudhani riwaya za watoto wanaopigwa, wanaobakwa au wanaoachwa na njaa huishi kwa kuanika damu. Ukimwambia mtu kwamba ndizo unazosoma likizo, atakuuliza: kwa nini ujitie majonzi ya bure, wakati habari hizo tunazisikia kila siku redioni? Swali ni la haki, na jibu lake si jepesi kama sisi wapenzi wa vitabu tunavyopenda kudai. Kusema kwamba vitabu hivi "vinaelimisha jamii" hakutoshi, maana jamii inajua. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kama ni taarifa tunazitaka, tunazo. Hakuna riwaya itakayoshindana na utafiti wa namna hiyo.

Riwaya ina kazi nyingine. Taarifa ya habari huingia nyumbani siku polisi walipofika. Inataja umri wa mtoto, jina la kijiji, na kwamba mtuhumiwa anashikiliwa kwa mahojiano. Riwaya huingia miaka sita kabla ya polisi, ikakaa. Na ndani ya miaka hiyo sita kuna mtu wa tatu ambaye taarifa ya habari haina nafasi naye: shangazi aliyeona alama mgongoni, mwalimu aliyejiuliza mbona huyu analala darasani, jirani aliyeongeza sauti ya redio. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kukipimia kitabu cha aina hii. Kuuliza kinauma kiasi gani hakunisaidii, kwa kuwa vyote vinauma. Nauliza kimemfanya nini huyo mtu wa tatu, na kimenikalisha mimi msomaji umbali gani kutoka kwake.

Jicho la mtoto

Kumpa mtoto kazi ya kusimulia ni mbinu ya zamani, na ina sababu yake. Mtoto huona kila kitu lakini huelewa nusu. Ile nusu nyingine anaijaza msomaji, na kwa kuijaza anakuwa amejiingiza mwenyewe ndani ya nyumba ile. Huwezi kujifanya hukuelewa ilhali ni wewe uliyemalizia sentensi.

Uwem Akpan, Mnigeria aliyekuwa padri Mjesuti na aliyesomea teolojia Nairobi, aliitumia mbinu hiyo katika Say You're One of Them, mkusanyiko wa hadithi uliotoka 2008. Hadithi ya kwanza, ambayo jarida la The New Yorker lilikuwa limeichapisha mwaka 2005, inatokea Nairobi, wakati wa Krismasi, katika kibanda cha familia inayoishi mtaani. Msimulizi ni Jigana, mvulana wa miaka 8. Dada yake, Maisha, ana miaka 12 na anajiuza, na sehemu ya pesa hizo ndiyo itakayompeleka Jigana shule mwaka mpya utakapoanza. Chakula hakuna. Basi mama anammiminia mwanawe gundi ya viatu kwenye chupa ya plastiki, kwa uangalifu, isimwagike, ili avute njaa itulie.

Jigana analisimulia hilo kwa utulivu uleule ambao mtoto wa nyumba nyingine angesimulia mama akipakua pilau ya sikukuu. Na mama huyu si katili. Anawapenda wanawe, ana taratibu zake, anajua nani apewe kwanza. Ukisoma ukiwa na hamu ya kumpata mkosaji, utazunguka kibanda chote usimwone. Walioko nje ya kibanda ndio wengi: wenye magari wanaomchukua Maisha na kumrudisha, wapita njia wanaomtupia sarafu kichanga anayetumiwa kuombea, mji mzima unaofanya manunuzi ya Krismasi. Halafu, polepole, unaona kwamba Jigana naye ameelewa. Ameelewa kwamba daftari na sare yake vinalipiwa na mwili wa dada yake, na kwamba akikaa darasani atakuwa amekubali. Anakimbia. Mtoto wa miaka 8 ndiye mtu pekee katika hadithi nzima anayekataa kunufaika.

Mbinu hii ina hatari zake. Waandishi wengine humpa mtoto hekima ya mzee wa baraza, akawa anatoa misemo mahali ambapo mtoto wa kweli angeuliza kama kuna chai. Nikikutana na mtoto wa namna hiyo kurasa za mwanzo, huwa nakirudisha kitabu rafuni. Sapphire, mshairi wa Marekani, aliikwepa hatari hiyo katika Push ya 1996 kwa njia ngumu zaidi: msimulizi wake, Precious, binti wa Harlem, mtaa wa New York, mwenye mimba ya pili aliyopewa na baba yake mzazi, hajui kusoma wala kuandika, na tahajia ya kitabu inafuata kiwango chake. Kurasa za mwanzo zimejaa maneno yaliyovunjika. Kadiri anavyofundishwa, maneno yanakaa sawa. Sapphire alikuwa amefundisha kusoma na kuandika Harlem na Bronx, na inaonekana: makosa ya Precious ni makosa ya mtu anayejifunza, hayakutiwa ili kuchekesha wala kuhurumisha.

Kutelekezwa hakuna siku wala saa

Kipigo kina siku, kina saa, kina mkono wa mtu. Kutelekezwa kuna nini? Chakula hakikupikwa. Mtu hakurudi. Homa haikuonwa. Ni mkusanyiko wa mambo ambayo hayakutokea, na mwandishi anajikuta anatakiwa kusimulia mambo yasiyotokea kwa kurasa mia nne bila msomaji kusinzia. Ndiyo maana riwaya za kipigo ni nyingi na riwaya nzuri za kutelekezwa ni chache.

Ninayoiweka juu ya zote ni Shuggie Bain ya Douglas Stuart, iliyoshinda Booker mwaka 2020. Ni Glasgow ya miaka ya 1980, wakati migodi na viwanda vya Scotland vinafungwa chini ya serikali ya Waziri Mkuu Thatcher na wanaume wanashinda nyumbani. Agnes Bain ni mama mrembo na mwenye majivuno, hatoki nje bila kujipamba hata siku mfukoni hamna kitu, na ni mlevi. Mume amemleta kwenye makazi ya wachimba migodi nje ya mji na kumwacha hapo. Pesa za msaada wa serikali zikiingia, zinaishia kwenye makopo ya bia kali. Zikiisha, sanduku la sarafu la kulipia televisheni linavunjwa. Shuggie, kitinda mimba, anajifunza kumsoma mama yake kama baharia anayetazama mawingu, siku hii ni ya kukaa karibu, hii ni ya kukaa mbali, hii ni ya kutokwenda shule ili kuwepo mtu wa kumgeuza asipaliwe na matapishi.

Waliomzidi umri wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Dada anaolewa na kwenda Afrika Kusini. Kaka, Leek, anafukuzwa. Shuggie anabaki kwa sababu bado mdogo na kwa sababu anaamini, kama watoto wote wa walevi, kwamba akijitahidi zaidi kidogo mama atapona.

Sasa mtazame mtu wa tatu. Agnes anafaulu kuacha pombe karibu mwaka mzima. Anapata kazi, nyumba inatulia. Anapata pia mwanamume, Eugene, dereva wa teksi, mtu mwenye adabu, mjane, ambaye hampigi na wala hamwibii. Tatizo la Eugene ni kwamba anaona aibu kuwa na mwanamke asiyeweza kunywa glasi moja kama watu wengine. Jioni moja wamekwenda kula chakula kizuri na Eugene anamshawishi: kidogo tu, uonje, mbona wenzako wanakunywa. Anaonja. Mwaka mzima wa mtoto unaishia pale mezani, na aliyeumaliza ni mwanamume mwema aliyevaa tai.

Nimeusoma ukurasa ule zaidi ya mara moja na bado natamani kumshika Eugene mkono. Mume wa Agnes, katili wa waziwazi, sikutamani kumshika popote. Huyo unamchukia ukaendelea na safari. Eugene ni mtu ninayemfahamu. Ni mtu anayekuja kwenye harusi zetu.

Stuart mwenyewe alilelewa Glasgow na mama mlevi, aliyefariki yeye akiwa na miaka 16, kisha akafanya kazi miaka mingi kwenye ubunifu wa mitindo New York. Hata hivyo aliandika riwaya, na nadhani aliamua vizuri. Kama angeandika tawasifu, tungemkagua yeye. Kwa kuwa ni riwaya, ameweza kuingia kichwani mwa Agnes, mahali ambapo mtoto hawezi kufika, na kumpa heshima ambayo pengine mtoto hakuwa na nguvu ya kumpa.

Soko la machozi

Hapa inabidi nipite kwenye jambo lisilopendeza, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wenye busara waziogope riwaya hizi.

Mwaka 1995 Dave Pelzer, Mmarekani, alichapisha A Child Called "It", kumbukumbu za mateso aliyodai kuyapata kwa mama yake. Kitabu kiliuzwa mno, na baadhi ya watu, wakiwemo wa familia yake, wakatilia shaka sehemu zake. Wachapishaji walinusa biashara. Miaka michache baadaye maduka makubwa ya vitabu Uingereza yalikuwa na rafu maalumu, nyingine zimeandikwa bila aibu kwamba ni za maisha ya uchungu, zote zikiwa na jalada jeupe na picha ya mtoto mwenye macho makubwa. Ukimaliza kimoja unachukua kinachofuata. Ulichonunua ni kule kulia, na mtoto wa kitabu hiki angeweza kubadilishana nafasi na wa kitabu kile bila yeyote kugundua.

Kisha kuna mkasa wa JT LeRoy. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wasomaji wa Marekani walimpenda kijana huyo aliyeandika hadithi za kubuni zilizojaa ukahaba wa watoto na mama mwenye dawa za kulevya, na ambaye ilisemekana ameyapitia yote hayo mwenyewe. Watu mashuhuri walizungumza naye kwa simu usiku wa manane. Hadharani alijitokeza kwa nadra, na wigi na miwani ya jua. Mwaka 2006 ikathibitika kwamba JT LeRoy hakuwepo. Vitabu viliandikwa na mwanamke mtu mzima, Laura Albert, na aliyevaa wigi alikuwa ndugu wa mwenzi wake.

Kinachonivutia katika mkasa huo ni hasira ya wasomaji. Vitabu vilikuwa vimeuzwa kama hadithi za kubuni tangu mwanzo! Hakuna sentensi iliyobadilika siku siri ilipofichuka. Kilichopotea ni mwili wa mtoto aliyeumia nyuma ya sentensi, na kumbe ndio watu walikuwa wamelipia. Tangu nilipousoma mkasa huo nimekuwa mwangalifu na swali la "je, ni kweli yalimtokea mwandishi?" Ni swali la kawaida kuliuliza, na nami linanijia. Lakini likiwa la kwanza, najua kuna kitu hakiko sawa katika usomaji wangu siku hiyo.

Ubishi mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni unahusu A Little Life ya Hanya Yanagihara, iliyotoka 2015 na kufika orodha fupi ya Booker. Ina zaidi ya kurasa 700. Mhusika mkuu, Jude, alitupwa akiwa mchanga, akalelewa na watawa wa kiume katika monasteri, akateswa huko, akatoroshwa na mtawa mmoja aliyemfanya kahaba, akaangukia mikono ya wengine wabaya zaidi; ukubwani ni mwanasheria aliyefanikiwa New York anayejikata usiku. Mhakiki Daniel Mendelsohn aliishambulia riwaya hiyo vikali mwishoni mwa 2015, akisema mateso yamerundikwa bila sababu ya kisanaa, na mhariri wa kitabu, Gerald Howard, akajibu kwa barua ya kukitetea. Mwandishi alikuwa ameeleza wazi kwamba alitaka kila kitu kipite kiasi. Mwaka 2021 mhakiki Parul Sehgal, kwenye The New Yorker, akaipanua hoja hiyo ikagusa fasihi nzima ya leo: kwamba jeraha la utotoni limegeuka ufunguo wa kumweleza kila mhusika, na mhusika akabaki dalili za ugonjwa tu, bila tabia, bila mzaha, bila tamaa zake.

Nakubaliana na Sehgal zaidi ya nusu. Hata hivyo kuna kitu katika kitabu cha Yanagihara ambacho washambuliaji wanakiruka. Jude ana daktari, Andy, ambaye pia ni rafiki. Andy anayaona makovu na majeraha mapya kwa miaka, anayafunga, anagomba, anatishia kumlaza hospitali, na hamlazi. Willem, rafiki yake wa karibu, anajua. Harold, aliyemfanya Jude mwanawe wa kisheria ukubwani, anajua kiasi. Ni watu wanaompenda kuliko nafsi zao, na wanaendelea kuheshimu ombi lake la kutoulizwa. Upendo wa aina hiyo tunauita adabu. Kwa upande huo riwaya ni kali na ya kweli. Kwa upande wa watesaji ni dhaifu, kwa sababu kila mgeni anayegonga mlango ni shetani, na ulimwengu wa mashetani matupu haumdai msomaji chochote.

Kuyamaliza kifamilia

Tuje kwenye jambo gumu kuliko yote: je, anayemtesa mtoto apewe historia?

Toni Morrison alilikabili katika riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ya mwaka 1970. Pecola, msichana mweusi wa Lorain, Ohio, anaomba macho ya buluu. Mwanzoni kabisa tunaambiwa kwamba amebeba mimba ya baba yake, kwa hiyo hakuna siri ya kusubiri. Halafu, kabla ya kutuonyesha kosa la baba huyo, Cholly, Morrison anaturudisha utotoni mwake: kichanga cha siku nne kilichoachwa na mama yake jalalani kando ya reli, kikaokotwa na kulelewa na bibi. Wasomaji wengi wamekasirika. Wamesema anamsafisha mbakaji.

Mimi naona anafanya kinyume. Shetani hana la kujibu, ndiyo asili yake. Mtu aliyewahi kuachwa jalalani, akajua baridi yake, kisha akamfanyia hivyo mwanawe, huyo ana kesi ya kujibu. Wasomaji wa Kenya waliosoma Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei shuleni wameshakutana na swali hilohilo kwa jina la Sauna. Sauna anabakwa na baba wa kambo. Mama yake anamsaidia kuitoa mimba na kumwonya asimwambie mtu. Miaka inapita, Sauna ni mfanyakazi wa ndani, na anawaiba watoto wa nyumba ile na kuwauza. Mmoja wao, Dick, anaishia kubebeshwa dawa za kulevya. Darasani watoto hubishana: ni mwathiriwa au mhalifu? Ubishi huo ni mzuri kuliko majibu yote ya mtihani, ambayo yanakata kitabu vipandevipande, "ukatili dhidi ya watoto", "nafasi ya mwanamke", mpaka alama 20 zitimie. Mwalimu mmoja rafiki yangu anasema mwanafunzi wake wa nyuma kabisa, asiyesema kitu muhula mzima, aliinua mkono siku hiyo akauliza, "Mwalimu, kwani mama Sauna alimwogopa nani?" Kengele ikalia.

Alimwogopa nani? Aliogopa kuachika, aliogopa maneno ya watu, aliogopa nyumba kuanguka. Tunayo namna ya kulisema hilo, na tunaisema bila kuona haya: tumeyamaliza kifamilia. Wazee wamekaa, mbuzi au pesa zimetolewa, mtoto amepelekwa kwa bibi. Fasihi ya Kiswahili imekuwa ikilichungulia jambo hili kwa muda mrefu. Zakaria wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1971, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na kitabu kilichosema hivyo ndicho kilichopigwa marufuku shuleni kwa muda kabla ya kuruhusiwa. Maksuudi wa Utengano, ya Said Ahmed Mohamed, 1980, ni mheshimiwa mbele za watu na mfungaji wa mlango nyumbani. Maimuna, binti yake, anakua ndani ya kuta. Heshima ya baba ndiyo inayowafumba macho majirani. Siri ya mtungi aijuaye kata, tunasema, na kata hainyanyui mdomo.

Na Morrison alimwona huyo jirani kwa ukaribu kuliko yeyote. Habari za Pecola zinapoenea, Claudia, msimulizi, na dada yake, watoto bado, wanasikiliza mazungumzo ya watu wazima. Wanasikia wanaochukizwa, wanaostaajabu, hata wanaofurahia umbea wenyewe. Wanasubiri mtu mmoja aseme "maskini, mtoto wa watu". Hakuna anayesema. Wanatikisa vichwa tu. Ndipo watoto wale wawili wanapoamua kupanda mbegu za maua na kuweka nadhiri, ili kichanga kiishi. Mbegu hazikuota.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, katika maneno ya mwisho aliyoyaongezea kitabu mwaka 1993, Morrison alikiri kutoridhika: wasomaji wengi, alisema, waliguswa lakini hawakutikisika. Walimhurumia Pecola wakaishia hapo, badala ya kujihoji walikuwa na mkono gani katika kumvunja. Sijaona mwandishi mwingine akieleza kwa uwazi namna hiyo ambavyo huruma ya msomaji inaweza kuwa mlango wa kutokea. Kulia ni kuzuri, kunapunguza. Ukishapungukiwa, unafunga kitabu na kwenda kulala.

Kuhusu kusoma kwenyewe

Kuna watu wasiotakiwa kusoma vitabu hivi, au wasivisome sasa. Aliyepitia mambo haya hana deni kwa fasihi. Akifika ukurasa wa 40 mwili ukaanza kutetemeka, afunge. Wengine waliopitia wananiambia kinyume, kwamba kumkuta Precious au Jude kitabuni ndiyo mara ya kwanza walijiona hawako peke yao. Yote mawili ni kweli na mtu wa nje hawezi kumchagulia mwingine. Kumzawadia mtu kitabu cha namna hii bila kumwambia kilichomo, kwa kutaka ashtuke, ni ukatili mdogo ambao wapenzi wa vitabu tunaufanya mara nyingi.

Kwa wengine, inasaidia kusoma wawili kitabu kimoja, hata kwa ujumbe wa simu. Inasaidia kuruka ukurasa. Mwandishi mzuri atakuwa ameshakuambia kabla na atakuambia tena baada. Na inasaidia kujiuliza, tukio baya linapopita, nani mwingine alikuwepo nyumbani saa ile. Swali hilo hukutoa kwenye kilio na kukurudisha kwenye kusoma. Wakati mwingine hukupeleka mbali zaidi, ukamkumbuka mtoto fulani wa nyumba ya tatu ambaye siku hizi haonekani shuleni. Namba ya kupiga bure kwa ajili ya watoto ni 116, Tanzania, Kenya na hata Uganda.

Anayetaka kuanza, aanze na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili na kuchapishwa 2022. Haina ukatili wa kukunyima usingizi. Yusuf ana miaka 12. Ami Aziz, mfanyabiashara tajiri, akija kuwatembelea humpa sarafu, na siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri naye. Anafurahi. Ni baada ya kufika dukani kwa tajiri ndipo Khalil, kijana aliyemtangulia, anapomweleza kwamba yule si ami yake, kwamba baba anadaiwa na yeye Yusuf ndiye rehani. Wazazi wake walijua walipokuwa wakimuaga. Baada ya hapo nenda kwa Shuggie Bain. A Little Life iache kwanza, mpaka upate wa kubishana naye.